Picha ya Dirishani: Tazama Kwanza, Ndipo Upige

Msomaji mpenzi, kama umewahi kusafiri kwa gari la moshi katika nchi ya milima, bila shaka umeliona jambo hili. Mara tu gari linapoanza kupanda, abiria huacha mazungumzo, wengine huacha hata muhogo mkononi, na kila mwenye simu huielekeza dirishani. Hubonyeza, hubonyeza tena. Wakifika waendako hufungua zile picha ili wawaonyeshe wenyeji wao, ndipo wanaposhangaa. Mlima haupo. Mto haupo. Kilichopo ni majani yaliyovurugika kama uji, nguzo iliyoinama kama mlevi, na uso wa mpigaji mwenyewe ukimtazama kutoka katika kioo.

Nasema hivi pasipo kumcheka mtu, maana mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Asubuhi moja nilipiga picha 140, wala sikupata hata moja iliyofaa. Jambo hilo lilinitia aibu, kwa kuwa nyumbani yuko mtu aliyekuwa akiningojea kwa ajili ya picha moja tu. Leo nataka nikusimulie habari hiyo, na humo humo nikueleze yale niliyojifunza kwa hasara, ili wewe usipate hasara kama yangu.

OMBI LA MZEE

Kijijini kwetu, huku Mbinga, yuko mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikwenda kufanya kazi ya kujenga reli ya TAZARA, ile ambayo wengi huiita Reli ya Uhuru. Vijana wengi wa leo hawajui asili ya jina hilo, basi yafaa niieleze kwa ufupi.

Zambia ni nchi isiyopakana na bahari. Zamani shaba yake ilisafirishwa kwa kupitia nchi za kusini, zilizokuwa zikitawaliwa na Wazungu wachache. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wenyewe, njia ile ikawa ya mashaka makubwa. Ndipo Mwalimu Julius Nyerere na Rais Kenneth Kaunda walipotafuta msaada wa kujenga reli itakayofika Dar es Salaam. Mwaka 1967 mapatano yalitiwa sahihi pamoja na China, mwaka 1970 kazi ikaanza, na mwezi Julai 1976 reli ikakabidhiwa kwa nchi zetu mbili. Toka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860. Njiani kuna madaraja zaidi ya 300, na mahandaki zaidi ya 20, yaani njia zilizotobolewa ndani ya milima.

Sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile baina ya Mlimba na Makambako. Hapo reli yaliacha bonde la Kilombero na kupanda mpaka nyanda za juu, mwinuko unaozidi mita 1,000. Ardhi yake ni ya mabonde na maporomoko, na mvua yake si haba. Wachina zaidi ya 60 walifariki katika kazi ya reli nzima, na wengi wao wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Nao ndugu zetu wa Tanzania na Zambia walikuwapo walioacha maisha yao huko.

Mzee wetu alikuwa mmoja wa makumi ya maelfu ya vijana waliokwenda. Mwaka 1972 alikuwa akibeba mawe na saruji kwenye madaraja ya sehemu hiyo. Siku moja jiwe lilimwangukia mguuni, akatibiwa, kisha akarudishwa nyumbani kabla mataruma na vyuma havijalazwa mahali pale alipofanya kazi. Tangu siku hiyo hakurudi tena. Aliijenga njia, lakini gari likipita juu yake hakuliona hata mara moja.

Mwaka 2019 nilikuwa na safari ya kwenda Ifakara kumtazama dada yangu aliyeolewa huko. Mzee alisikia, akaniita kwake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nasikia wapita Makambako, kisha washuka kwa gari la moshi."

"Ndiyo, mzee."

"Basi niletee picha. Lakini usiniletee ya daraja tupu, maana daraja tupu nalijua. Niletee ya gari likiwa juu ya daraja."

Nikamwahidi pasipo kufikiri. Nilidhani ni kazi ya kubonyeza tu.

JINSI NILIVYOSHINDWA

Wakati wa kushuka tulipita usiku, nisione kitu ila giza na taa chache za stesheni. Sikujali, kwa kuwa nilijua kwamba wakati wa kurudi nitapita asubuhi. Nami siku ya kurudi, kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha fika Mlimba, nikajiona mwenye bahati. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni, na milima imejitokeza juu yake kama visiwa.

Nikaanza kupiga. Nilipiga kila kilichopita mbele ya macho yangu: vichaka, kingo za udongo, nguzo, migomba, moshi wa jikoni. Kila nilipoona bonde na kuinua simu, bonde lilikuwa limekwisha pita, na picha ikashika ukuta wa mawe. Tulipoingia katika handaki nilipiga giza. Tulipotoka nilipiga weupe mtupu. Tulivuka daraja moja baada ya jingine, nami nikaona jambo ambalo ningalipaswa kulifikiri tangu nyumbani: mtu aliye ndani ya gari hawezi kuliona gari lenyewe! Nilikuwa nimekaa behewa la katikati, na kutoka pale sikuona mbele wala nyuma.

Ndipo nilipofanya upumbavu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikatoa mkono wote nje na simu yangu, na kichwa nikakifuatisha. Tawi la mti likanichapa kifundo cha mkono hata simu ikaniponyoka kidogo, nikaidaka kwa vidole viwili. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akanishika shati kwa nguvu akanivuta ndani.

"Kaka," akasema, "simu utanunua nyingine. Mkono je, utaununua wapi?"

Kabla sijapata la kumjibu, gari likaingia handakini. Ukuta wa mawe ulipita karibu sana na dirisha lile nililokuwa nimetoa kichwa. Nilinyamaza mpaka tukatoka upande wa pili, na sikupiga picha nyingine tena siku ile.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mzee zile picha zote, kwa kuwa sikuwa na la kuficha. Alizitazama moja moja kwa adabu, kama mtu anayesoma barua. Mwisho akasema, "Ahsante mwanangu. Naona majani ya kule yamestawi."

Msomaji, maneno hayo yaliniumiza kuliko lile tawi.

MAMBO YA KARIBU NA MAMBO YA MBALI

Basi nikaanza kuuliza na kujaribu, na haya ndiyo niliyoyapata. Ni mafundisho yafaayo kwa reli yo yote, na hata kwa basi.

Jambo la kwanza ni hili: kilicho karibu hukimbia, kilicho mbali hutulia. Ukitembea usiku wa mbalamwezi, miti iliyo kando ya njia yarudi nyuma, bali mwezi waenda pamoja nawe. Ndivyo ilivyo dirishani. Nyasi za kando ya reli hazipigiki, lakini mlima ulio mbali wakungoja.

Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita aweza kuifanya. Gari likienda kilometa 60 kwa saa, kwa sekunde moja limekwenda karibu mita 17. Simu ikifumbua jicho lake kwa muda wa sehemu moja ya 50 ya sekunde, gari limesogea sentimeta 33, yaani zaidi ya rula ya mwanafunzi. Ndiyo sababu kichaka chageuka uji. Lakini jicho likifumbuliwa kwa sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, gari limesogea chini ya sentimeta 2 tu. Kwa hiyo, kama simu yako ina njia ya kuchagua mwendo wa jicho, chagua ulio mwepesi. Kama haina, ngoja mwanga uwe mwingi, kwa kuwa penye mwanga simu hufumba jicho upesi yenyewe, na penye giza hulikodoa. Tena tumia mahali ambapo gari lapanda taratibu, kwani mlima unaolipunguzia gari mwendo ndio unaokusaidia wewe.

Labda wajiuliza kwa nini nguzo huonekana zimeinama. Simu nyingi hazioni picha nzima kwa mara moja. Huisoma mstari kwa mstari, kama wewe unavyosoma gazeti hili. Mstari wa juu ukisomwa, nguzo ipo hapa. Mstari wa chini ukifikiwa, nguzo imekwisha songa. Dawa yake ni moja, kuziacha nguzo za karibu zipite, na kupiga kati ya moja na nyingine.

Usiegemeze viwiko juu ya fremu ya dirisha. Hapo mtikisiko wote wa magurudumu hupanda mikononi mwako. Bana viwiko ubavuni, legeza magoti kidogo ikiwa umesimama, na mwili wako wenyewe utapunguza mtikisiko.

KIOO NA JUA

Jambo la pili ni kioo. Tangu mwaka 2024 gari la umeme la reli mpya limekuwa likichukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma, na mwendo wake wafikia kilometa 160 kwa saa, ambao ni mita 44 kwa sekunde. Madirisha yake hayafunguliwi. Hali ni hiyo hiyo kwa wenzetu wa Kenya katika reli ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, ambayo hupita Tsavo penye wanyama. Humo huna budi kupiga kupitia kioo.

Kwanza kifute kioo upande wako kwa kitambaa. Kisha sogeza simu mpaka jicho lake likaribie sana kioo, lakini isigusane nacho, isije ikatikiswa. Zungushia khanga au koti jeusi ili mwanga wa ndani usiingie kati. Hapo uso wako na taa za behewa havitaonekana tena katika picha. Zima ile taa ya simu inayomulika wakati wa kupiga, kwa kuwa haiwezi kuufikia mlima, itamulika kioo tu. Halafu gusa mlima kwenye uso wa simu kwa kidole, ili simu ijue kwamba watazama mbali, wala si tone la mvua lililo kwenye kioo.

Kuhusu jua, kumbuka neno moja tu: liwe mgongoni mwako au ubavuni. Asubuhi tazama magharibi, jioni tazama mashariki. Katika reli ya milimani gari hupindapinda hata jua likahama upande zaidi ya mara moja katika saa moja. Usikate tamaa likikukabili. Subiri kona inayofuata.

Na ukitoka handakini, hesabu moja, mbili, tatu, ndipo upige. Kama vile jicho lako linavyoumizwa na mwanga ukitoka ndani ya ghala, ndivyo na simu inavyohitaji muda wa kuuzoea.

NAMNA YA KULIPIGA PICHA GARI ULILOMO

Sasa tulifikie lile fumbo la mzee. Mtu aliye ndani ya gari atalipigaje picha gari?

Jibu ni kona. Gari likiwa limenyooka hulioni, lakini likipinda, mtu aliye nyuma huiona injini na mabehewa ya mbele yamejikunja kama nyoka. Kwa hiyo kaa katika behewa la nyuma, upande wa ndani wa kona, yaani upande ule gari linakoinamia. Kona ikienda kushoto, dirisha lako ni la kushoto. Ikienda kulia, ni la kulia. Huhitaji kutoa kichwa wala mkono. Gari lenyewe litakuja mbele ya dirisha lako.

Tena injini hiyo ni mjumbe wako. Ukiona imeingia katika mwanga, wewe nawe utaingia baada ya muda mfupi. Ukiona imemezwa na mlima, shusha simu. Hivyo kila mara wapata nafasi ya kujiandaa, badala ya kukimbiza vitu vilivyokwisha pita.

Mwaka 2022, mwezi wa Julai, nilipata tena safari ya Ifakara. Wakati wa kurudi nilimweleza mhudumu wa behewa haja yangu, naye akaniruhusu kwenda kukaa nyuma. Nilimwuliza pia kama kuna mahali pasiporuhusiwa kupigwa picha, nawe fanya vivyo hivyo, kwa kuwa madaraja na stesheni ni mali ya kulindwa, na askari ana haki ya kukuuliza wafanya nini. Ukiuliza kwanza, hupati taabu.

Baada ya Mlimba nilifanya jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya. Nilitia simu mfukoni, nikakaa karibu saa nzima nikitazama tu. Nikaanza kuzifahamu desturi za njia. Kabla ya daraja, vichaka hupungua na kuacha uwazi. Magurudumu yakifika darajani hubadili sauti, kutoka mvumo mzito wa ardhini hata mlio wa wazi, kana kwamba mtu agonga pipa tupu. Nilimsikia mtoto mmoja akimwambia bibi yake, "Bibi, tunapita hewani," nikajua kwamba yeye ameona zaidi ya mimi wa mwaka 2019.

Hata ikaja kona moja ndefu ya kushoto. Injini ikainama, mabehewa yakaifuata, na chini yake nikaona nguzo za daraja zimesimama bondeni ndani ya ukungu. Nilikuwa tayari. Nilipiga picha nne tu pale, na kwa asubuhi nzima zilikuwa 11. Kati ya zile nne, moja ilikuwa safi.

UPANDE WA PILI WA DIRISHA

Kabla sijamaliza habari ya mzee, liko jambo ambalo yatupasa kulitazama vizuri, hasa sisi watu wa vijijini.

Katika ile safari ya mwaka 2022, tuliposimama kwenye stesheni moja walikuja akina mama na mabeseni ya ndizi, mahindi ya kuchemsha na wali. Mmoja alikuwa amejitwisha beseni na mtoto mgongoni, na jua la asubuhi limemwangaza vizuri sana. Nikampiga picha. Akaniona, akaja moja kwa moja mpaka dirishani.

"Baba, umenunua?"

"La, mama, bado."

"Basi umechukua nini?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba radhi, nikaifuta ile picha mbele ya macho yake, nikanunua chane ya ndizi. Kisha nikamwomba kama aweza kunikubalia nimpige nyingine. Akafikiri kidogo, akamtengeneza mtoto kichwani, akasimama wima akasema, "Haya, piga." Picha hiyo ni nzuri kuliko ile ya kwanza, kwa kuwa yeye mwenyewe yumo ndani yake kwa hiari yake.

Msomaji mpenzi, wengi wetu si watu wa ndani ya gari. Sisi ni watu wa kando ya reli. Wageni hupita, nasi tukiwa tunafua mtoni, tunaoga, au tumekaa uani na nguo za kazi, nao hutupiga picha wakaenda nazo tusikokujua. Tukiwa hatupendi kufanyiwa hivyo, basi siku tukipata tikiti tusiwafanyie wenzetu. Mtu aliye mbali shambani, asiyetambulika uso, si neno. Aliye karibu, mwombe. Anayeoga au kunyonyesha, shusha simu. Mwenye msiba, shusha simu. Na mtoto wa mtu aombewe kwa mzazi wake.

Wazazi mnaokaa karibu na reli, waonyeni watoto wasisimame juu ya mataruma ili wapigwe picha, wala wasitupie gari mawe. Gari zito likifungwa breki halisimami papo hapo kama baiskeli, na jiwe linalopita dirishani humkuta mtu aliyekaa.

Nanyi mnaosafiri, nawasihi kwa jambo moja kuliko yote: mkono na kichwa vibaki ndani. Tawi, nguzo, ukuta wa handaki na gari la upande wa pili havitoi taarifa. Usisimame mlangoni gari likienda. Funga kamba ya simu katika kifundo cha mkono, na kwenye stesheni irudishe ndani kabisa, maana wapo wanaongojea simu zilizotolewa dirishani kama mwewe angojeavyo kifaranga.

MZEE ALIVYOSEMA

Nilipofika Songea niliipeleka ile picha studio ikasafishwa kwenye karatasi, ukubwa wa daftari. Nakushauri nawe ufanye hivyo kwa picha unazozipenda. Picha iliyo ndani ya simu hufa na simu, na wazee wetu wengi hawapendi kutazama kitu kinachozimika kila wakitaka kukishika.

Nilimkuta mzee barazani. Nikamsalimu, nikampa bahasha. Aliifungua polepole, akamtuma mjukuu kuleta miwani, kisha akaitazama kwa muda mrefu hata nikaanza kuona hofu. Baadaye akaanza kuhesabu mabehewa kwa ukucha wa kidole.

"Hili si daraja langu," akasema. "Langu lilikuwa na nguzo fupi."

Nikasema, "Niwie radhi, mzee."

"La. Ni kazi ile ile." Akaendelea kutazama. "Ulikuwamo humu ndani?"

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa behewa la nyuma."

"Mlipopita juu, lilitikisika?"

"Halikutikisika."

Akaitikia kwa kichwa, akamwita mkewe aje aone. Nikaagwa kwa mahindi debe moja, nami sikuyakataa.

Basi, msomaji, ukipata safari ya gari la moshi, iwe ya kwenda Mbeya, Kigoma au Dodoma, kabla ya kukata tikiti pita kwanza nyumbani kwenu na kwa majirani. Uliza nani aliwahi kupita njia hiyo, nani aliijenga, nani alizaliwa karibu na stesheni yake, na nani asiyeweza tena kusafiri. Waulize wangependa kuona nini. Ukijua watafuta nini hutapiga picha 140. Utakaa dirishani, utatazama, na kona yako ikija utakuwa tayari. Nakutakia safari njema.